Mjukuu Wangu Amenifukuza Kazi

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya watoto wadogo iliyo nyuma ya posta.

Mwalimu mheshimiwa,

YAH: MTOTO KUJITEGEMEA NYUMBANI KWANGU

Natumaini u mzima. Mimi ni babu wa yule binti ambaye sisi nyumbani tunamwita Bosi. Ni fundi cherehani mstaafu, na mwaka jana nilifiwa na mke wangu. Mama yake Bosi, ambaye ni binti yangu, ni muuguzi na hutoka alfajiri. Baada ya msiba alinikabidhi mtoto akaniambia, "Baba, bila wewe sijui ningefanyaje." Kazi hiyo niliipokea kwa mikono miwili: kumnywesha maziwa, kumvalisha, kumleta kwenu. Nikapata tena sababu ya kuamka. Ndipo shule yako ilipoanza kumfundisha kujitegemea, nami nalalamika kama ifuatavyo.

1. Maziwa. Hujimiminia mwenyewe kutoka kwenye jagi dogo, na akimwaga hufuta mwenyewe. Nikinyoosha mkono huniambia, "Subiri, babu, kwanza nijaribu." Basi nasubiri, mtu mzima na mvi zangu, nimesimama jikoni kama mgeni aliyefika mapema.

2. Viatu. Juzi alivaa cha kushoto kulia. Nilifurahi sana, nikapiga goti. Akasema, "Najua, babu. Vikianza kuniuma nitavibadilisha." Vilimuuma karibu na duka la dawa. Akakaa kwenye ngazi, akavibadilisha, tukaendelea. Mimi nilibeba mkoba, na huo pia niliupata kwa kubembeleza.

3. Sasa ameanza kunilea mimi. Mmewafundisha watoto kuchagua, naye ananichagulisha: "Babu, unataka kuoga sasa au baada ya chai?" Nikajibu baada ya chai, nikajiona mjanja. Nilikuwa nimeshajipaka sabuni nilipogundua kwamba kutooga hakukuwamo katika yale ya kuchagua. Marehemu bibi yake alihangaika nami ndoa nzima bila kuipata mbinu hiyo.

4. Nilikaanga yai, likagandia kikaangoni, nikalikwangua. Bosi akalitazama, akanipapasa mkono na kusema, "Umejitahidi, babu." Mwalimu, maneno hayo ni yenu, nimeyasikia mwenyewe dirishani kwenu. Hayalainishi yai.

5. Sweta. Hapa naomba uketi. Mmewafundisha watoto kutandaza sweta ya vifungo sakafuni, kola ikiwa miguuni pao, wainame, waingize mikono, kisha wairushe juu ya kichwa ishuke mgongoni. Nimeshona tangu ujana na kwangu nguo hailali sakafuni. Anayevaa nguo hushikiwa na mwenzake. Tangu nilipoanguka, bega langu la kulia huenda mbele na juu vizuri tu, ila nyuma limegoma. Kwa hiyo kila asubuhi mke wangu alinishikia koti mlangoni, kisha akanigonga mabega yote mawili: "Haya, sasa unafanana na mtu." Koti hilo linaning'inia nyuma ya mlango tangu mazishi, kwa kuwa hakuna wa kunishikia. Binti yangu ningemwomba, lakini akitoka alfajiri bado nimejifunika shuka. Mtoto anayejivika peke yake leo, kesho atamshikia nani koti?

6. Mkono. Wiki hii tulipofika getini kwenu, aliuachia mkono wangu akasema, "Kuanzia hapa napajua." Akaingia bila kugeuka. Nikabaki nimeunyoosha hewani, mpaka mlinzi wenu akadhani namsalimia, akaupokea.

Kwa sababu hizo naomba shule ianzishe kipindi cha kutojua, angalau mara moja kwa wiki, ambapo watoto watafanya mazoezi ya kusema, "Babu, nisaidie." Kamba za viatu zisiguswe kabisa hadi babu wa mwisho atakapozikwa. Ikishindikana, basi niandikie barua rasmi ya kuachishwa kazi, ieleze kosa langu, nikamwonyeshe binti yangu.

Wasalimie walimu wote, mama wa jikoni, na mlinzi, ambaye ana mkono wenye joto.

Wako asiye na shughuli,
Babu wa Bosi

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaisaini barua hii niilete leo, nikakuta nje kuna baridi kali. Nikajaribu koti. Mkono mmoja ukaingia, wa pili ukakataa. Nikasema basi, nitatetemeka tu. Bosi akaninyang'anya koti, akalitandaza mezani, maana aliona sakafu iko mbali na mimi. "Kola ikuguse tumbo, babu. Inama. Ingiza mikono. Rusha!" Nikarusha. Kikombe kikaanguka, kofia ikaruka, na koti likanikaa mabegani, yote mawili. Nilisimama mbele ya kioo kidogo. Bosi alikuwa akifuta chai iliyomwagika, na bila hata kuinua kichwa akasema, "Umejitahidi, babu." Safari hii nilikubali.

Kwa hiyo lalamiko la tano nalifuta, na la nne linayumba. Kamba za viatu wafundisheni. La sita libaki, ila usiharakishe kulijibu. Barua yenyewe naileta katika mfuko wa koti hilo, na mlinzi atauona mkono wangu tena. Na siku mtakayofundisha mambo ya mayai, tafadhali nijulishe. Nitakuja na kiti changu mwenyewe, maana vyenu ni vifupi.