Trela Lisilo na Uzito

Katika jimbo zima la Minnesota, kuanzia mashamba ya mahindi ya kusini hadi maziwa ya kaskazini, hakuna binadamu aliyejua kuvuta trela kama Verlin Tollefson. Si maneno yangu hayo! Ni yake mwenyewe, na alimwambia yeyote aliyezubaa karibu naye: fundi wa matairi, mchungaji baada ya ibada, hata daktari wa meno, huku mdomo umejaa pamba.

Trela lenyewe alilinunua alipostaafu. Lilikuwa la kulala watu wawili wanaopendana sana, au wembamba sana. Ukiamka kitandani, mguu wako wa kwanza unakanyaga jikoni. Ukikaanga mayai, kiwiko kiko chooni. Lakini kwa Verlin lile lilikuwa kasri! Alishapanga kulivuta hadi milima ya magharibi, kila juma wanalala kando ya ziwa jingine, mpaka uzee uwachoke wenyewe.

Kikwazo kilikuwa Arlys, mkewe. Trela hakulichukia. Alichokichoka ni mdomo wa dereva.

"Sikiliza, mume wangu," alimwambia. "Tutakwenda wikiendi moja ya majaribio. Ukinipigia kelele, hata mara moja tu, trela linauzwa, na kila kiangazi tunakwenda Duluth kwa dada yangu Lorraine."

Verlin akaingiwa na baridi ya Januari. Shemeji Lorraine alikuwa na maoni juu ya kila kitu alichofanya Verlin tangu siku ya harusi, ikiwemo harusi yenyewe.

"Mimi? Nikupigie kelele mimi? MIMI?"

"Unapiga sasa hivi."

"Huku ni kusisitiza!" akasema, kwa sauti ya chini kidogo.

Basi Ijumaa wakafika kambini, kando ya ziwa lililozungukwa na misonobari. Na kambini kuna desturi ambayo haijaandikwa popote. Trela geni likianza kurudi rivasi, kila mtu anaacha shughuli yake, anageuza kiti, anashika kahawa yake na kutazama. Hakuna anayecheka, maana watu wa huko wana adabu zao. Wanatazama tu, na baada ya muda mmoja anaguna: "Mmm. Haya." Guno hilo linauma kuliko tusi.

Verlin aliwapungia mkono watazamaji wake. Arlys akasimama nyuma kumwelekeza. Trela likaenda kushoto. Akalirekebisha, likaenda kushoto zaidi. Akalirekebisha kwa nguvu, likapanda juu ya mawe ya kuwashia moto na kukaa hapo limebinua tako.

"Mmm," mtu akaguna. "Haya."

Kelele zilimpanda Verlin kooni, akazimeza. Zikapanda tena, akazimeza tena, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Arlys, kipenzi changu," alisema meno yamebanana, "huko kushoto unakosema ni kushoto kwa nani?"

"Ni huku ninakopunga mkono, Verlin! Hebu angalia basi!"

Mwishowe liliingia, limekaa upande, mlango umetazama kichaka. Ili kutoka ilibidi upite kwenye miiba.

"Nimelielekeza hivi makusudi," Verlin alimwambia jirani yao, Orrin Haugen, mstaafu mwenzake aliyekuwa na trela jipya na wasiwasi mwingi. "Kwa ajili ya upepo."

"Upepo gani?" Orrin akauliza.

"Utakaokuja!"

Kuanzia hapo mambo yakanyooka ajabu. Walijifunza kwamba mmoja akisimama mwenzake lazima akae, na anayetaka kupita atangaze mapema. Jumamosi mvua ikanyesha, ikapigapiga paa juu ya vichwa vyao, nao wakanywa kahawa kwenye kimeza chao wakicheza karata. Arlys akacheka mpaka akashika ubavu. Verlin hakuthubutu kupumua kwa nguvu. Ilibaki Jumapili tu! Afike nyumbani bila kupaza sauti, na milima ya magharibi ni yake.

Jumapili asubuhi akarudisha pikapu polepole kuelekea kwenye trela, na tufe lake la chuma la kunasia trela likatua chini ya kichwa cha trela sawasawa. Mara ya kwanza! Bila kuguswa! Akatoka nje kifua mbele kutafuta watazamaji. Hapakuwa na mtu. Kambi nzima ilikuwa ukumbini kula chapati za maji za Jumapili. Dhuluma gani hii!

Kilichobaki kilikuwa kukishusha kichwa cha trela juu ya tufe, kukifunga, kupitisha minyororo na kuchomeka waya wa taa. Kazi ndogo. Alikuwa ameinama kuianza, Orrin akatokea.

"Verlin, hivi la kwako haliyumbi barabarani?"

Masikini Orrin! Verlin akaokota kijiti, akaanza kuchora vumbini.

"Siri ni mzigo, bwana. Vitu vizito viweke mbele ya ekseli ya magurudumu, visikae nyuma. Ukijaza nyuma, trela litatikisa mkia mpaka likutupe mtaroni. Na kona! Kona unaichukua kwa upana, kwa sababu trela linapenda kukata njia. Na kabla ya kuondoka, lizunguke lote, gusa kila kitu kwa mkono wako. Macho yanadanganya!"

Wakati huo Arlys alipita na mito na mablanketi, akayarundika kiti cha nyuma cha pikapu.

"Kichwa kinaniuma, nitajilaza huku. Usiniamshe."

"Sawa, mama," Verlin alijibu bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa anachora ekseli. Kwa hiyo hakumwona Arlys akikumbuka miwani yake na kurudi ndani ya trela kuitafuta.

Somo lilipokwisha, Orrin alitimua mbio kwenda kuwahi chapati. Verlin akajikung'uta vumbi, akachungulia kiti cha nyuma, akaliona fungu la mablanketi. Akaufunga mlango taratibu kama wa chumba cha mtoto mchanga, akawasha gari, akaondoka.

Ee bwana, safari ilikuwa tamu! Gari lilipanda kilima likikimbia. Kona zikaja na kupita, wala hapakuwa na kutikisika.

"Unaona, Arlys?" alinong'ona. "Nimepanga mzigo leo! Hata sisikii kama kuna trela."

Blanketi halikubisha. Verlin akafurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza Arlys kumsikiliza hadi mwisho. Akatazama kioo cha ndani. Siku ya kuja kioo hicho kilionyesha trela peke yake, lakini sasa barabara yote ya nyuma ilionekana, nyeupe hadi upeo.

"Na kioo nimekirekebisha vizuri," akajisifu.

Alisimama kwenye sheli yenye mgahawa anunue kahawa. Meza ya jirani walikaa vijana wawili, mume na mke, wamefungua ramani. Mume akamwambia mwenzake kwamba wametoka kununua trela na hajui hata pa kuanzia. Verlin alihama meza na kikombe chake kabla hawajamkaribisha. Akawapa somo zima, la mzigo, la kona na la minyororo.

"Njooni nje," alisema mwishowe, "niwaonyeshe trela lililofungwa na mtu anayejua."

Wakatoka. Mhudumu naye akafuata, kitambaa begani. Verlin akainyoosha mikono yake miwili.

"Mmeona?"

Wakazunguka pikapu. Tufe la chuma liling'aa juani, tupu kabisa.

"Mzee," kijana wa kike aliuliza kwa adabu, "hilo trela liko wapi?"

"Labda analivuta kwa mawazo," mhudumu akasema.

Verlin hakusikia. Aliufungua mlango wa nyuma, akavuta blanketi. Mito! Akavuta jingine. Mito mingine! Hapo ndipo akili ilipomrukia, na ikamrukia vibaya, akaamini kwamba Arlys alikuwa ndani ya trela, trela lilikuwa limechomoka, na yeye alikuwa ameendesha njia nzima akijisifu.

Alirudi akiendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, akichungulia kila mtaro na kila kijito. Alimwomba Mungu huku analia. Akaahidi kanisa paa jipya. Akaahidi kumpenda Lorraine. Kila kitu cheupe kando ya barabara kilimkata maini: friji bovu, mbuzi, bango la mchuuzi wa mahindi.

Alipoingia kambini, trela lilikuwa palepale alipoliacha, na watu walishatoka kula. Arlys alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, miwani machoni, sahani ya chapati zenye asali mapajani.

"ARLYYYYS!"

Bata wakaruka ziwani. Mbwa akajificha chini ya meza. Verlin alimkimbilia akipita katikati ya miiba, akamkumbatia pamoja na sahani, machozi yanamtiririka.

"Nilidhani umekufa!"

"Kwa chapati?" Arlys akauliza, ingawa macho yake nayo yalilowa kidogo. Akamfuta mumewe asali shavuni. Kisha akakohoa. "Verlin."

"Naam, mpenzi."

"Umepiga kelele."

"Hiyo ni furaha! Na hofu! Na mapenzi!"

"Orrin, umesikia?"

"Nimesikia," Orrin akasema. "Nadhani na ng'ambo ya ziwa wamesikia."

Verlin akakaa chini. Akalitazama trela lake kwa huruma. "Haya, liuze," alisema. "Nimestahili."

"Nani kakwambia nauza? Asubuhi hii nimekaa humu peke yangu, nikakoroga kahawa bila mtu kunielekeza namna ya kushika kijiko. Sijastarehe hivi tangu ujana wangu! La kuuza nimelifuta. Ila la Duluth liko palepale. Nimeshampigia Lorraine simu, anapika. Trela tutaliweka uani kwake, na mimi nitalala humu."

"Na mimi?"

"Wewe utalala ndani, kwa Lorraine. Ana mengi anataka kukwambia."

Verlin akarudisha pikapu hadi kwenye trela. Wakakishusha kichwa cha trela, wakafunga minyororo, wakachomeka waya. Arlys akanyoosha mkono, naye akampa ufunguo, akaenda kukaa upande wa abiria, akafunga mkanda.

Walipofika kwenye lango la kambi, Arlys akapunguza mwendo.

"Linakuja?"

Verlin akageuka akatazama. Akatazama tena.

"Linakuja, mama," akajibu, na hakuongeza neno hadi Duluth.