Ng'ombe wa Rutayisire

Jumatatu, 3 Juni
Rutayisire amenipa ng'ombe. Mbele ya watu, kwenye harusi ya mjukuu wangu, nikiwa na mshikaki mdomoni. Nikameza, nikasimama, nikaapa kwa jina lake kama impasavyo aliyepewa ng'ombe. Wazee wakapiga makofi.

Kumrudishia mtu ng'ombe wake ni kumwambia urafiki umekwisha. Na Rutayisire ndiye pekee aliyebaki anayekijua kilima chetu cha zamani. Tulikimbia pamoja, tukazeekea ukimbizini Karagwe pamoja. Kila Jumapili tunacheza bao na kubishana kisima kilikuwa upande gani wa njia.

Ila kiwanja nilichopata hapa Rwamagana, tuliporudi Rwanda, kinawatosha kuku, tena wasionenepa. Ng'ombe nimemfunga chini ya kamba ya nguo.

Jumatano, 5 Juni
Gaju, ndilo jina lake, amekula maharage yote ya mke wangu, Mukandori, na nusu ya shuka. Kiangazi; majani hakuna. Mukandori ameniuliza ni lini nitahamia nje, mgeni apate kitanda.

Nimewaza sana. Mtu harudishi ng'ombe. Lakini ng'ombe akijirudisha mwenyewe? Wahenga hawakulikataza hilo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemfungua alfajiri, nikamwelekeza barabarani. Amekwenda moja kwa moja kwa Rutayisire. Mnyama mwenye akili. Mchana nimelala kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 7 Juni
Mchungaji wa Rutayisire amemrudisha. Wamekuja wawili. Bwana wake anasema Gaju alikimbia kwa upweke, kwa hiyo ameniongezea dada yake.

Nimeshukuru. Nimeapa upya. Mukandori ameingia ndani akafunga mlango.

Jumapili, 9 Juni
Rutayisire amekuja. Amekunywa maziwa yote, kwa adabu, huku akiitazama kamba. Kisha akasema taratibu: mzee mwenzangu, nimechunga tangu sijaota meno ya ukubwani, sijaona ng'ombe anayefungua fundo.

Nikasema labda sikulikaza.

Akasema ningemwambia tu kwamba sina nafasi, angenifugia kwake, ng'ombe akabaki wangu. Watu hufanya hivyo kila siku. Mimi nimesoma vitabu vingi ukimbizini, hilo sikulikuta.

Nikamwomba basi awachukue, wawe wake tena. Akanitazama kama anayemtazama mtu wa kabila asilolijua. Akasema yeye hamnyang'anyi mtu ng'ombe. Akaondoka. Bao hatukucheza.

Jumapili, 16 Juni
Hakuja. Nimepanga kete, nikacheza pande zote mbili. Nimeshindwa.

Nimejaribu kukumbuka kisima. Kulia kwa njia, nadhani. Rutayisire husema kushoto. Hakuna wa kunibishia, na bila ubishi sina hakika hata kama kisima kilikuwapo.

Mukandori anasema niende kwake, si mbali, nimwambie: ndugu yangu, nilikosa, nisamehe. Basi. Eti hata mtoto angeliweza hilo. Nikamwambia hajui adabu za ng'ombe. Aliyetoa ng'ombe akisikia mnyama anaumwa, hana budi kuja kumwona. Asipokuja, aibu ni yake.

Nimekwisha kutuma salamu kwamba wote wawili wako hoi, hawafiki kesho.

Tatizo ni kwamba wananenepa. Tangu asubuhi namfundisha Gaju kukohoa.