Editha, Mkaguzi na Teke Lililorudi

Alhamisi, 23 Oktoba

Editha kanipa habari jikoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mechi zake tatu zijazo zitakuwa na mkaguzi: Louisville, kisha hapa Columbus, kisha Buffalo. Akiridhika, mwakani mwanangu anachezesha mechi za vyuo vikubwa. Asiporidhika, anabaki na timu ndogo hizi hizi.

Mwanangu huyu, mhasibu siku za kazi, mwamuzi wa mpira wa Kimarekani siku ya Jumamosi. Mwanamke peke yake kati ya wanaume wenye mashati ya punda milia. Nimemzaa mimi, sikusaidiwa na mtu.

Nimemuuliza mkaguzi anapenda kula nini. Akasema Mama, please, usianze. Sijaanza. Nimeishia darasa la saba, lakini wakaguzi nawajua. Kwetu Kibosho mkaguzi akija shuleni, kuku walikuwa wanajificha wenyewe. Mwalimu aliyempa mkaguzi mchicha alihamishwa.

Jumamosi, 25 Oktoba. Louisville

Nimeletwa na gari la Wanza, Mkamba wa Machakos, jirani yetu hapo mtaani Clintonville, Columbus. Njia nzima ni habari za mwanawe Tevin, pharmacist. Akaniuliza, ati Mama Editha, msichana bado anapuliza filimbi kama trafiki? Hiyo ni job ama ni hobby? Nikakaza kifuniko. Hotpoti ya kuku ilikuwa magotini, ina moto.

Mechi yenyewe sijui niielezeje. Timu ikikwama, inaupiga mpira teke uende mbali, wenzao wahangaike nao huko. Wanaita panti. Mpira una umbo la papai, ukitua haujulikani utadundia wapi. Leo umetua ukazunguka kama pia. Majitu ya kutisha yakauzingira kama kuku walioona nyoka. Hakuna anayegusa. Waliopiga wanaomba uzidi kusogea. Wanaopokea wanaogopa, maana ukiwagusa tu, ni mali ya atakayeuwahi. Katikati ya majitu hayo, Editha, kainama, filimbi tayari. Mpira ukatulia. Akapuliza. Majitu yote yakaondoka kimya kimya, kama watoto wa chekechea.

Nikashika mdomo. Huyu nyumbani anaogopa buibui.

Mapumziko nikamwona mzee wa kofia, karatasi mkononi, kalamu sikioni. Mkaguzi huyo. Nikamfunulia hotpoti. Firigisi nikamwekea juu, kama mgeni wa heshima. Akala, akalamba vidole, akaniita Mom.

Jumapili, 26 Oktoba

Editha kauliza kwa nini kocha wa Louisville amemtumia salamu za mama na kuku wake. Nikauliza kocha gani. Akanieleza kofia yake.

Basi mkaguzi bado ana njaa.

Editha alikaa chini kabisa, akashika kichwa. Akasema huku mama wa mwamuzi hapiki kwa ajili ya kocha, watu wataona mechi imeuzwa. Nimeapa sitampikia kocha tena. Mkaguzi hakutajwa kwenye kiapo.

Jumamosi, 1 Novemba. Columbus

Leo nimeona ajabu. Panti ikapigwa, ikatua, na kijana wa timu iliyopiga akaigusa wa kwanza. Papo hapo Editha akadondosha kifuko kidogo cha bluu. Nikasimama nikamwita, Mama, kifuko chako! Mpira unaendelea, watu wananigeukia mimi. Mpokeaji mmoja akauokota, akakimbia, akagongwa, ukamtoka. Waliopiga wakaulalia. Upande wao wakaruka ruka, wakakumbatiana, wengine machozi.

Editha akarudi polepole mpaka kwenye kifuko. Akanyoosha mkono: mpira ni wa waliopokea, unaanzia hapa. Mzungu wa jirani akanifafanulia. Kumbe waliopiga wakiwahi kugusa, mpokeaji anaweza kukimbia apendavyo. Akipata hasara, anarudishiwa pale pale palipoguswa. Kifuko ndicho alama ya mahali hapo. Furaha yote ile ilikuwa ya bure, na mwanangu alikuwa anajua toka mwanzo, wala hakuwacheka.

Mkaguzi nikamjua safari hii. Anakaa juu peke yake na darubini. Nikampandishia sambusa. Akakataa, kwa adabu. Akauliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye mama wa yule pale. Nikamtoa wasiwasi kwamba asiogope kula, hata kocha wa Louisville alikula kuku wangu na firigisi juu.

Akashusha darubini.

Jumanne, 4 Novemba

Editha kapigiwa simu. Kaulizwa habari za kuku. Kaeleza ukweli wote. Mkaguzi kamwambia kwamba Buffalo itacheza na timu ya kocha yule yule, na kwamba yeye Editha atavaa kofia nyeupe, yaani mwamuzi mkuu, kama ilivyopangwa. Yeye mkaguzi atakaa amtazame. Ratiba ya mwakani itategemea siku hiyo.

Nilidhani atanifokea. Hakunifokea. Alisuguasugua sufuria iliyokuwa imeshaoshwa. Nikamwambia pole mama. Akasema nimehangaika miaka na hii kazi, Mama. Basi.

Hapo moyo ulinishuka kidogo. Kidogo.

Jumamosi, 8 Novemba. Buffalo

Nimefikia kwa Spés, Mkongomani tuliyesali naye Columbus kabla hajahamia huku. Sasa yuko kiwandani Tonawanda. Aliniona nafungasha chapati, akaniuliza, bon, Mama Editha, weye unatafuta mutoto afukuzwe? Donc hiyo kitu iache apa. Ikabaki. Uwanjani akanikalia ncha ya khanga ili nisinyanyuke.

Upepo wa ziwa ulikuwa unang'oa kofia. Louisville wanaongoza, muda unaisha. Buffalo wamekwama, wanapiga panti. Kijana akapiga. Mpira ukapanda, ukapanda, ukasimama hewani kama unafikiri. Kisha ukarudi. Sisemi uongo. Ukarudi ulikotoka, ukaanguka nyuma ya mstari wa kuanzia, miguuni pa aliyeupiga.

Louisville wote wakasimama kucheka. Spés akacheka. Kijana akamtazama mwamuzi, akisubiri filimbi imwokoe na aibu. Editha anatazama wasaidizi wake mstarini, anatazama mpira. Filimbi iko mkononi. Hapulizi. Uwanja mzima unapiga kelele, na yeye hana haraka.

Ndipo kijana akaelewa. Akauokota akakimbia. Walipoacha kucheka alikuwa keshafika mwisho. Editha akainua mikono yote miwili juu: pointi ni za Buffalo, na mechi ikawa yao.

Kocha akaja mbio, yule yule wa firigisi. Panti ni panti, anasema, ukishaupiga huna haki nao. Editha akamwonyesha mstari. Mpira haukuuvuka, kwa hiyo bado ni wa waliopiga, wanaruhusiwa kukimbia nao. Alisema kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kwangu nikitaka kuongeza chumvi. Nami huwa naweka kijiko chini. Kocha naye akarudi nyuma.

Nililia, sikujificha. Spés akaniambia Mama, uyu mutoto yako ana roho ya jiwe. Nikamjibu ni ya kwetu hiyo.

Jumapili, 9 Novemba

Amepita. Mwakani vyuo vikubwa. Mkaguzi kamwambia alikuja Buffalo na shaka. Ila mwamuzi ambaye mama yake amemlisha kocha kuku, na bado akamnyang'anya kocha huyo mechi kwa sheria, yeye mkaguzi hana la kumuuliza tena.

Nimelipima jambo hili njia nzima kurudi nyumbani. Bila kuku wangu, wangejuaje kwamba hanunuliki? Nimemwambia Editha ananidai shukrani, au mimi namdai, vyovyote. Akafumba macho akiwa anaendesha, nikamwambia afumbue.

Kisha akanitaka kiapo, na safari hii akakipanga mwenyewe. Sitampelekea chakula mkaguzi, wala kocha, wala mchezaji, wala mtu yeyote mwenye filimbi, maisha yangu yote. Nimeapa mkono juu, kwa moyo safi.

Mkubwa wa waamuzi wa vyuo ana mke. Nimeshauliza. Ni mwalimu wa piano, hana filimbi, na Wanza anajua wanakosali.