Viganja vya Babu

Jumatatu, 4 Agosti

Mjukuu wangu wa kwanza ana miezi mitatu na leo amenikataa. Wamefika jana, yeye na wazazi wake. Jumapili wanaondoka, mwanangu kapata kazi mbali, miaka miwili. Nina wiki moja tu ya kumpakata. Nimempokea, nikampapasa shavu. Kilio. Alama nyekundu, utadhani kakwaruzwa na paka. Mkamwana akamchukua taratibu, akasema labda mtoto ana njaa. Uongo wa heshima. Miaka ishirini na sita napiga lipu kwenye kuta za watu, na saruji imeninyonya viganja mpaka vimekuwa msasa.

Kisha akapewa babu wa pili, babake mkamwana, aliyekuja nao kukaa wiki hii. Fundi cherehani. Moyoni namwita Pamba. Mtoto akalala papo hapo. Pamba akanitazama kwa huruma. Sijawahi kuchukia huruma kiasi hicho.

Mke wangu, muuguzi mstaafu, anasema dawa ni rahisi: maji ya uvuguvugu, mafuta mazito ya mgando, soksi mikononi. Nimekataa. Vitu vya kiwandani hivyo. Mimi nitajitibu kwa vya asili, kutoka jikoni.

Jumanne, 5 Agosti

Sukari na ndimu. Fundi viatu wa pale kona aliapa kwamba inang'oa ngozi iliyokufa. Hakusema inamfanyaje mtu mwenye nyufa. Nimesugua mara mbili, ya tatu nikapiga yowe. Mtoto akashtuka chumba cha pili. Pamba akambembeleza kwa wimbo. Ana sauti nzuri pia. Haki iko wapi?

Jumatano, 6 Agosti

Parachichi na asali. Nimejipaka, nikakaa barazani mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Nikasinzia. Sisimizi hawakusinzia. Sasa viganja ni vikavu na vimevimba. Mke wangu akauliza yako wapi maparachichi manne ya chakula cha wageni. Nikajibu sijui. Nilikuwa wa kijani hadi viwikoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Utomvu wa mshubiri. Nimeupaka kazini, kwa siri, nyuma ya mifuko ya saruji. Unateleza kama kambale. Nikiwa juu ya jukwaa mwiko ukaniponyoka na lipu yake yote, ukamshukia msimamizi begani. Amenipa mapumziko mpaka wiki ijayo, ambayo sikuyaomba. Nikajifariji: nitashinda na mjukuu. Nimefika nyumbani, hakuna mtu. Wamekwenda kutembea. Nawaona kwa mbali barabarani, kigari cha mtoto anasukuma Pamba.

Ijumaa, 8 Agosti

Uji wa shayiri. Umekaukia mikononi. Nafanana na ukuta nilioshindwa kuumaliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya mpiga picha. Tangu alfajiri nimejimiminia mafuta ya nazi, nusu chupa. Viganja vikang'aa. Nikamwomba mkamwana mtoto. Akasita, akanipa. Mtoto akateleza kama kipande cha sabuni. Angeishia mapajani mwangu tu, lakini Pamba alishamdaka. Mwanangu akasema, bila kuniangalia, "Baba, wewe simama tu hapo pembeni."

Picha imepigwa. Katikati Pamba na mjukuu wangu. Mimi mwisho kabisa, mikono mgongoni, kama mlinzi wa jengo.

Mchana mke wangu alinifuata chumbani. Akaniketisha kitandani, akaninawisha, akanipaka mafuta yake ya mgando, akanivika soksi. Sikuwa na nguvu za kubishana. Machozi yalinitoka. Nyufa zile. Jioni akarudia, na mimi nikanyoosha mikono mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Viganja vimelainika. Si vya fundi cherehani, ila si msasa tena. Mizigo ilikuwa tayari garini. Mkamwana akanishika mkono kuniaga, akasita, akaugeuza, akaupapasa kwa kidole gumba. Akasema, "Baba, hebu mpakate kidogo kabla hatujaondoka."

Nimempakata. Labda dakika tano. Alikamata kidole changu kimoja akakig'ang'ania, macho kanikodolea. Hakulia. Nimelia mimi, nikasingizia vumbi. Mwanangu alinikumbatia kwa haraka, ile ya mtu anayeogopa kuchelewa. Pamba akaondoka nao, watamshusha kwake njiani. Atapata saa mbili zaidi. Watakaporudi, mtoto atakuwa anatembea na kumwita babu mtu asiyemjua.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Nimetulia, nikachunguza nini kimeniponya. Ni mafuta ya nazi. Dawa za asili huchelewa, ila zikishika zimeshika. Ndimu ilifungua njia, shayiri ikafuatia, hata sisimizi huenda walichangia, kwa kuamsha damu. Mke wangu akanitajia mafuta ya mgando. Nikamweleza kwa upole kwamba yale karibu yaharibu kila kitu, bahati nzuri hayakuwahi kuingia ndani. Akauliza wiki hii nimejifunza nini. Nikamwambia: parachichi lazima liive zaidi.

Kesho naanza magaga ya miguuni. Kitunguu saumu kilichopondwa, majivu, pilipili kidogo ya kuchangamsha. Nimemwomba anisaidie kufunga vitambaa.

Amebeba mto wake, amehamia chumba cha wageni.