Mkebe wa Juu ya Kabati

Jumatatu, 3 Machi 2025

Hiki kitabu nimepewa na Ooko pale ofisini. Kilibaki baada ya semina. Akasema niandike yaliyo moyoni, ati kifua kitakuwa chepesi. Mimi shule niliachia darasa la sita. Lakini kuandika najua. Naanza.

Mimi ni wa chai. Mradi wa presha, mtaa wetu wa Munyaka, ofisi iko mjini juu ya duka la agroveti, la dawa za mifugo. Kuna vichwa vinne ndani ya chumba kimoja. Daktari Mabonga wa dawa. Sista Jepchirchir, nesi. Ooko, huyo kazi yake ni kuuliza watu wanaishi aje na wanajisikia aje. Na Nyakio wa hesabu, msichana mdogo, macho hayatoki kwa kompyuta. Kila mmoja ametoka shule yake na hakuna anayekubali ya mwingine. Hata sukari, kila mtu ana kopo lake.

Leo wamegombana mpaka chai ikapoa. Wagonjwa wamepewa dawa miezi sita. Vichupa vinarudi vitupu. Presha iko pale pale! Daktari akasema basi dawa ni kidogo. Sista akasema ni chumvi. Ooko akasema ni mawazo, watu wamelemewa na maisha. Nyakio akasema labda mashine ya kupimia ni mbovu. Halafu wote wakaniangalia. Nikafikiri wananiuliza mimi. Kumbe wanataka mandazi.

Nikamwaga chai kwa sahani. Kwa sababu mimi najua. Dawa ziko kwangu nyumbani. Ziko kwa mkebe, juu ya kabati.

Jumanne, 4 Machi

Wacha nieleze mkebe, kitabu kisinifikirie vibaya.

Mimi pia ni mgonjwa wa huo mradi. Nambari 031. Siku ya kliniki Sista anahesabu tembe. Ukirudi na zilizobaki, unagombezwa mbele ya foleni mpaka unatamani sakafu ifunguke. Ukiishiwa mapema, unagombezwa pia. Sasa mwezi wa kumi Wahu, Mama Antony wa ploti ya mbele, akaja kwangu na tembe kumi na mbili hajameza. Analia. Nikamwambia aache hapa. Kutupa dawa ni dhambi. Wiki hiyo hiyo Mzee Thuo akaja hana hata moja, mjukuu alizimwaga chooni. Nikamtolea za Wahu. Wote wawili wakaponea! Mimi nikaonekana mtu wa maana.

Leo wagonjwa waliobaki kwa mradi ni kumi na wawili, na kumi na mmoja tuko kwa mkebe. Aliye na nyingi analeta, aliyekosa anachukua. Nyeupe ndogo, nyeupe kubwa, za manjano, za pinki. Nazijua kwa rangi. Kumeza tunameza siku kichwa kinauma.

Isipokuwa Kavetsa. Huyo tunapakana ukuta. Anameza kila asubuhi habari za redio zikianza, kama mtoto aliyetumwa na mwalimu. Mambo ya mkebe hajui. Hatukumwambia. Angeuliza maswali.

Leo Daktari amekata shauri. Kuanzia Jumatatu dawa inaongezwa mara mbili, kila mtu. Sista akasema polepole kwamba mtu mwenye mwili mdogo anaweza kuanguka. Daktari akamwuliza kama sasa nambari za Nyakio ni uongo. Nyakio akafurahi kutajwa.

Kavetsa ni mwembamba kama mti wa ufagio! Na analea mtoto, Ashley, peke yake. Sisi wengine hatutameza hata moja. Yeye atameza zote mbili, habari zikianza, na ataanguka hapo hapo kwa jiko la moto.

Nikisema, kazi ya chai imeisha, na Munyaka nitahama. Itabidi niseme bila kusema.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nikimpa Ooko kikombe nikasema, kama mtu anayepita tu, kwamba nasikia kuna mama mmoja wa Turbo, si wa huku kabisa, anagawia majirani dawa za presha. Nilitaka aende na hilo wazo pole pole mpaka lifike Munyaka. Mtu amesoma hivyo, si atajumlisha?

Akaruka kwa kiti. Turbo wapi? Nikasema karibu na steji. Jina nani? Nikasema jina limenipotea. Akachukua kinasa sauti. Akachukua kofia. Akaenda Turbo!

Amerudi saa kumi, uso umeiva kwa jua. Amehoji wamama tisa na dereva mmoja wa lori. Hakuna anayemjua huyo mama. Lakini wamemwambia mengi sana kuhusu mbolea, na amebeba debe la mahindi. Ati siku imekuwa nzuri.

Mpango wa pili nimeanza hapo hapo. Barua isiyo na jina. Nimeandika kwa mkono wa kushoto: "Dawa hazimezwi. Ziko mahali. Msiulize ni wapi. Msiongeze. Ni mimi, Mtu Asiyejulikana, Munyaka." Nimeirudia mara tatu ndio isomeke. Nimeiacha chini ya sahani ya mandazi ya Daktari.

Tabby wangu ameniuliza kwa nini vidole vya kushoto vina wino. Nikamwambia asome vitabu vyake.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Daktari amesoma barua kwa sauti. Mimi nimesimama na birika, nimeweka uso wa mtu asiyejulikana. "Ziko mahali" akaisoma mara mbili. Akasema basi ni wazi, dawa zinaibwa stoo.

Stoo! Mimi sikuandika stoo!

Wakamwita Obiero, soja wa geti. Wakafungua mkoba wake mbele yetu sote. Samaki wa omena kwa karatasi, Biblia, soksi moja. Maskini! Alirudisha vitu vyake kimoja kimoja, soksi chini, Biblia juu. Miaka kumi na saba ni soja, hajawahi kupekuliwa. Daktari akaona haya, akamwomba radhi. Ili kumtuliza, akampa cheo. Tangu leo Obiero ndiye wa kupekua kila anayeingia na anayetoka.

Nikampelekea mandazi matatu. Akaniangalia sana. Akasema, Mama Tabby, siku zote huwa ni moja. Nikasema leo unga ulizidi.

Mchana kliniki. Wahu amepewa leso ya kujitanda na Sista, ati mgonjwa bora, kichupa kitupu miezi sita mfululizo. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Tembe zake za tangu Oktoba nazijua moja moja, ziko juu ya kabati langu. Jioni amepita mlangoni mwangu na hiyo leso mara nne. Choo chake hakiko upande huu.

Kavetsa hakupata kitu. Tena amegombezwa. Kichupa ni cha siku thelathini, Februari ina siku ishirini na nane, zikabaki tembe mbili. Akajaribu kueleza. Foleni ikamsukuma. Amekuja kwangu kuniuliza kama hizo mbili anaweza kuzimeza pamoja ili Sista asikasirike. Nikamwambia asithubutu! Nikampa uji. Nilipokuwa nakoroga niliogopa kumtazama.

Ijumaa, 7 Machi

Imebaki leo tu, wikendi ofisi hufungwa. Mpango wa tatu. Niingie kabla ya wote, niache mkebe mezani kwa Sista, nirudi kwa birika langu kama sijui kitu. Nikauweka ndani ya kikapu, nikaufunika na mandazi. Mkebe wa mafuta ya kupikia, nani atashuku?

Obiero. Obiero anapekua kila mtu. Kwa sababu ya barua yangu!

Aliinua mandazi moja moja. Akafungua mkebe. Akauliza, Mama Tabby, hii ni githeri ya wapi, mahindi na maharagwe ya rangi? Nikasema ni za kichwa. Akasema hicho kichwa ni cha nani, cha ndovu? Halafu akakumbuka yale mandazi matatu ya jana. Nikaona anavyokumbuka. Hakucheka tena. Hapo ndipo niliumia kuliko kote.

Nikamwambia yote pale getini. Tukapanda pamoja, nikasema tena mbele ya wote wanne. Nilisema majina sitataja. Nikataja yote, hata la Mzee Thuo.

Nyakio akamwaga tembe kwa sinia langu la chai, akahesabu kwa rangi. Mia nne na kumi na mbili. Ooko akauliza kwa heshima kama yule mama wa Turbo ni mimi. Nikasema ndiyo. Akaandika.

Daktari alikuwa ameshika kichwa. Akauliza ni nani basi anayemeza kweli. Nikasema Kavetsa peke yake. Nyakio akabonyeza, akabonyeza, akasimama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nambari 047, huyo Kavetsa, presha yake ilishuka tangu Desemba na imekaa chini mpaka leo. Walikuwa wamemtoa kwa hesabu. Kwa vile hafanani na wengine, walifikiri ni kosa la mashine.

Kumbe dawa ilikuwa sawa tangu mwanzo! Na kama ingeongezwa, ni huyo mmoja tu angeimeza.

Sista akaanza kulia. Akasema ni yeye, amegombeza watu mpaka wamejificha. Nikamshika bega, nikamwambia hapana mwanangu, ni mimi tu na uoga wangu. Tukalia wawili. Obiero akatupatia leso yake ya mfukoni, moja, tukagawana.

Daktari akafuta mambo ya Jumatatu. Kisha akaniambia niape. Dawa yako ni yako, ya mwenzako ni ya mwenzako. Nikaapa, mkono juu ya Biblia ya Obiero. Nikauliza kama chai bado ni yangu. Akanyoosha kikombe.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutano kanisani, wagonjwa wote. Wahu akasimama wa kwanza. Akasema nimewauza, na kwamba mtu wa kumwamini Munyaka hakuna tena. Wengine wakaguna. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kiatu kimoja tayari nje.

Sista akaomba msamaha. Sikutegemea. Akasema tangu leo hagombezi mtu kwa tembe zilizobaki, anataka ukweli tu. Mzee Thuo akasimama akasema ukweli kwa dakika ishirini. Miguu inavyofura, dawa inavyomkosesha usingizi, mke wa kwanza alivyomwacha. Ooko hakumkatiza. Halafu mama mmoja akasema tembe za pinki zinamfanya kukohoa. Na mwingine vile vile. Na mwingine! Daktari alikuwa anaandika mbio mbio. Akauliza kwa nini hawakusema miezi hii yote. Wakasema hakuna aliyewauliza, walikuwa wanahesabiwa tu.

Kuhusu leso hakuna aliyeuliza, lakini Wahu alitangaza mwenyewe kwamba hairudishi, mabega yameshaizoea.

Mwisho Kavetsa akainua mkono. Akauliza, "Kwani nyinyi wote hamkuwa mnameza?"

Akakaa chini, akamfunga Ashley kamba ya kiatu.

Kesho Sista anamletea keki. Ya kumwomba radhi kwa Februari.

Obiero bado anainua mandazi yangu moja moja. Lakini leo moja alikula.

Jumatano, 19 Machi

Nameza kila siku. Habari zikianza Kavetsa ananigongea ukuta, mimi namgongea, tunameza. Leo nimepimwa. Imeshuka! Sista amenikumbatia. Nyakio amenionyesha nambari yangu kwa kompyuta, sikuona kitu lakini nilishangilia. Hata sukari sasa wanachota kwa kopo moja.

Nimejifunza. Dawa ya presha haigawiwi. Niliapa kwa Biblia na nimeshika kiapo.

Ya presha.

Jana Wahu alikuja. Tunaongea tena, hawezi kukaa bila kunionyesha leso. Alikuwa na tembe za goti za mumewe, goti limepona, nusu zimebaki. Anataka kuzitupa. Nikamwambia kutupa ni dhambi. Mzee Thuo naye ana za tumbo ambazo tumbo limezikataa. Nimeosha mkebe mwingine. Ni mdogo tu, wa majani ya chai. Si kama ule.

Leo nimekuja nao kazini, kwa dharura. Unaingia vizuri ndani ya flaski ya pili. Obiero hafungui flaski.

Na dharura ikatokea! Daktari tangu asubuhi anaandika ripoti ya vile watu wa Munyaka wanavyogawana dawa. Ni ndefu, wakubwa wanaingoja. Saa nane kichwa kikaanza kumgonga. Akauliza, bila kuinua macho kwa karatasi, kama nina kitu cha kichwa. Nilisita. Kweli nilisita. Lakini mtoto wa watu anaumwa, na mimi ni mama.

Nikampa moja na chai. Akameza, akaendelea kuandika. Hakuuliza ni ya nani. Ni ya goti, lakini ni nyeupe ndogo.

Nazijua kwa rangi.