Gari Halishuki Tupu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji. Makamu wa Mwenyekiti, ambaye naona umeshika mwavuli wa Mwenyekiti. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu, uliyetoa kibaraza hiki cha shule kiwe jukwaa kuu. Nesi wa zahanati. Viongozi wa dini zote. Akina mama mlioketi mbele, akina baba mliojibanza chini ya upenu, na nyinyi mliopanda ukutani kinyume na utaratibu. Wageni waalikwa, ambao nimewahesabu na kukuta ni mimi na dereva wangu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na yeyote ambaye haikumzingatia, itamzingatia katika awamu ya pili. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa na kwa kiatu kimoja, kwa sababu cha pili kimebaki kwenye tope la Kona ya Jiwe, ambako nimeunda kamati ndogo ya kukitafuta. (Kicheko.) Chekeni, ndugu zangu, chekeni. Kiongozi asiyechekwa ni sanamu, na mimi na tumbo hili hata sanamu sifai, chuma kingetumika kingi mno. Mwulizeni Fundi, seremala wenu na mkuu wa wenye kamba za kuvuta magari, aliyenibeba mgongoni kutoka pale gari lilipozama hadi pale nchi kavu ilipoanza. Nilimsikia akisema "yalaa" mara moja tu. Huo ndio uzalendo! (Makofi. Sauti: "Alisema zaidi ya hapo!")

Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria. Leo tunazindua rasmi Barabara ya Lami ya Kisasa inayotoka ufukweni, inapanda mlima wenu huu mtukufu, inapita kona zote bila hata moja kulalamika, na kuishia hapa mlangoni mwa shule. Barabara pana, yenye mitaro pande zote mbili, taa za jua, na mistari myeupe ya kuvukia watembea kwa miguu. Mradi ulioibuliwa kwa njia shirikishi, ukafanyiwa upembuzi yakinifu, ukapita fizibiliti, ukajadiliwa na mastekiholda wote muhimu katika semina elekezi iliyofanyika kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, ambako mimi mwenyewe niliwasilisha pawapointi hadi baadhi ya wajumbe wakafumba macho kwa kuguswa. (Makofi hafifu.)

(Bibi mmoja wa mstari wa mbele: "Mwanangu, hiyo barabara imepita wapi? Mimi naishi hapa.")

Mama yangu, swali zuri sana. Linajibiwa kipengele cha tisa. Tuko cha kwanza.

Nikiri kwamba utepe rasmi, ulioandaliwa na Kitengo cha Itifaki, ulichukuliwa na upepo pale Kona ya Upepo nilipofungua dirisha ili niwapungie mkono mbuzi, nikidhani ni wananchi. Lakini serikali haikwami! Fundi ametuazima kamba yake nyekundu, ileile iliyovuta gari letu, nayo mnaiona imefungwa kutoka nguzo ya bendera hadi nguzo ya kengele, safi, imekaza, inangoja mkasi wangu. Fundi, simama karibu nayo, isije ikaondoka na upepo. Mbona umekunja uso, ndugu yangu? Tutakulipa fidia kwa mujibu wa miongozo.

(Nesi ananyoosha mkono. Hangoji aitwe: "Mheshimiwa, samahani. Mke wa Fundi yuko zahanati, uchungu umemshika tangu asubuhi na mtoto ametanguliza miguu. Hapa sina uwezo naye. Lazima afike hospitali ya chini, na lile wingu la kileleni likipasuka, mto haupitiki.")

Nesi, nakushukuru. Suala lako nimelipokea, nimelipokea kwa uzito wake, na nitalipeleka kwenye kipengele cha saba, Afya na Masuala Mtambuka. Lakini kwa kuwa umenigusa, niseme jambo ambalo halimo kwenye karatasi. Lile gari mnaloliona pale, lenye bendera na matope mpaka kwenye vioo, ni la nani? Ni langu? Hapana! Ni jasho la wananchi! Leo, mbele ya kipaza sauti hiki, natamka bila kumung'unya maneno: gari langu ni gari lenu! (Makofi marefu, vigelegele. Nesi anatoka mbio, bibi wa mstari wa mbele akimfuata.)

Mnaona? Nesi amefurahi hadi ameshindwa kukaa. Hayo ndiyo maneno ya uongozi: yanamfikia mtu hata kabla ya utekelezaji.

Sasa tuingie kwenye takwimu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wataalamu wetu hawakuridhika na wahenga, wakafanya utafiti wa kina, wakatumia mitambo, na baada ya misimu miwili wakathibitisha kwamba, kweli, dalili ya mvua ni mawingu, kwa asilimia tisini na nne. (Kicheko.) Zile asilimia sita zilizobaki ni ukungu. Tunatambua pia changamoto ya upepo. Nimejionea mabati yenu yakiwa yamewekewa mawe juu, yakafungwa kwa waya hadi kwenye visiki, na nimeagiza utaratibu huo uitwe Teknolojia Rafiki ya Paa, uingizwe kwenye masta plani, na muuziwe upya kwa bei ya ruzuku.

(Injini inawaka.)

Msishtuke, huyo ni dereva wangu anageuza gari. Ni mtu wa mpangilio sana. Hapendi kungoja dakika ya mwisho.

(Injini inasikika ikiteremka.)

Anageuzia mbali kidogo. Kiwanja hiki ni chembamba.

Naendelea. Katika kipindi cha uongozi wangu, mtandao wa barabara umeongezeka kwa asilimia mia moja na kumi, maana yake, kwa lugha nyepesi, barabara zimekuwa nyingi kuliko mahali pa kuzipitisha, na ndiyo sababu baadhi yenu bado hamjakutana nazo. (Kimya kikubwa. Watu wote wameelekeza masikio bondeni.)

Nashukuru kwa utulivu huu. Nimehutubia mikutano mingi, sijapata kuona watu wanaosikiliza kwa shingo namna hii.

(Filimbi ndefu kutoka bondeni. Makofi ya nguvu, vigelegele.)

Asanteni! Asanteni! Asilimia mia moja na kumi, nimesema, na ninarudia! Vipato vya kaya vitapanda, utalii utapanda, na samaki wa pwani watawafikia wakiwa hawajajua kwamba wamevuliwa! (Kimya.) Hata hili la samaki hampigi makofi? Haya. Kila mkutano una ladha yake.

Kipengele cha tatu: mitaro. Mitaro ni uhai. Nchi isiyo na mitaro ni kama mtu asiye na...

(Filimbi fupi fupi, za harakaharaka. Watu wanasimama. Fundi anaanza kufungua kamba nguzoni.)

Fundi! Fundi, ngoja kwanza, mkasi ninao mimi! Shughuli ya kukata ni kipengele cha mwisho!

(Fundi: "Kaka, nisamehe. Limekwama Kona ya Jiwe. Mke wangu yumo.")

Limekwama nini? Nani yumo? Fundi! Ameondoka na utepe. Jamani, mtu ameondoka na utepe wa serikali, na vijana wa ukutani wote wamemfuata. Mwenyekiti, hebu sogea hapa, nieleze, na ueleze kwenye kipaza sauti maana uwazi ni sera yetu. Kinaendelea nini?

(Mwenyekiti: "Mheshimiwa, hapa kwetu gari halishuki tupu. Ndiyo desturi tangu gari la kwanza lilipofika. Anayeshuka anamchukua anayengoja, na kila kona kuna watu wa kamba na filimbi. Filimbi ndefu, limepita. Fupi fupi, limekwama, walio karibu wakimbie.")

Desturi nzuri, nitaiweka kwenye ripoti. Lakini ni gari gani hilo?

(Mwenyekiti: "La kwetu, Mheshimiwa. Ulilotupa sasa hivi.")

(Bibi wa mstari wa mbele, aliyekwisha kurudi mahali pake: "Dereva wako nilimwuliza mwenyewe, 'Baba, una ruhusa?' Akasema bosi ametangaza kwenye spika, yeye ni nani akatae. Nikamtia mkwe wangu ndani. Mungu akupe maisha marefu.")

Kumbe Fundi ni mwanao, mama?

("Wa kumzaa. Na huyo aliye njiani ni mjukuu wangu wa kwanza, ametanguliza miguu kama anayekuja kukagua barabara.")

(Kicheko, lakini kifupi. Matone ya kwanza yanagonga bati.)

Ndugu wananchi, kama nilivyoagiza! Nilitaka kuona utekelezaji wa haraka, nimeuona. Zoezi hili lilikuwa jaribio la utayari wetu, na washiriki wote... na washiriki... Mwenyekiti, kutoka Kona ya Jiwe hadi mtoni ni mbali? Mvua hii ndiyo ile ya nesi, au kuna nyingine inakuja?

(Mwenyekiti: "Ndiyo hiyo.")

Basi, kipengele cha tatu, mitaro. Nchi isiyo na mitaro... Karatasi inalowa hii. Nchi isiyo... Mama, keti, usisimame kwenye mvua. Haya, njoo simama hapa karibu nami, jukwaani kuna nafasi, tumbo nitalirudisha nyuma.

(Filimbi ndefu. Makofi.)

Hiyo ni Kona ya Jiwe? Wametoka? Wametoka! Pigeni makofi, jamani! Pigeni tena! Sasa bado mto. Mto una filimbi yake? Ah, filimbi ya mtoni inapokelewa na kona ya chini, nayo inapuliza kwa ya juu, hadi hapa. Mawasiliano bila vocha. Wataalamu wetu walitaka kuwajengea mnara, wakasema mlima umekaa vibaya.

Na tusubiri.

(Mvua inashuka kwa kishindo. Hakuna anayeondoka. Mheshimiwa anakunja karatasi iliyolowa. Bibi ameshika mkono wa koti lake.)

Ndugu zangu, katika kazi hii nimezoea kuongea mahali pakiwa kimya, ili kimya kisije kikauliza maswali. Hapa nimeshindwa. Mkono huu wa mama umeng'ang'ania koti langu, na kipengele chake hakimo kwenye karatasi yangu. Mama, huyo dereva wangu ni mvivu wa kuosha gari na hodari wa kula, lakini kwenye usukani sina la kusema. Amenipitisha pale mtoni asubuhi mimi nikiwa nimefumba macho na kupiga kelele, naye akiwa anatafuna karanga.

("Anatafuna karanga?")

Anatafuna karanga, mama.

("Basi atapita.")

(Filimbi moja, mbali sana. Kisha nyingine, ya karibu zaidi. Kisha ile ya Kona ya Upepo, ndefu, inayokataa kwisha. Watu wanarukaruka kwenye madimbwi. Bibi anapiga kigelegele na kuachia koti la Mheshimiwa likiwa limepinda begani.)

Wamevuka! Waheshimiwa, mabibi na mabwana, wamevuka! Nakata utepe! Utepe haupo, uko mtoni, lakini nakata! (Anakata hewa kwa mkasi. Makofi.) Hayo makofi ni yangu au ni ya filimbi? Ya filimbi. Nilijua. Mgawieni kiongozi wenu japo kidogo. (Makofi, kicheko.) Asanteni.

Sasa, kwa kuwa dereva hawezi kurudi hadi mto upungue, nami nimeelezwa kwamba nitalala kwa mama huyu, na kwamba kazi ya mgeni mzito usiku wa tufani ni kuketi chini ya ile kona ya paa iliyolegea na kushika waya, niruhusuni nifunge hotuba yangu kwa kaulimbiu zilizoidhinishwa. Nikisema "Barabara", mtaitikia "Maendeleo".

Barabara!

("Kamba!")

Barabara!

("Filimbi!")

Haijaidhinishwa hiyo, lakini endeleeni. Gari!

("Halishuki tupu!")

Na likirudi lisipande tupu! Mwambieni dereva kwa hizo filimbi zenu anunue huko chini kamba mpya, ndefu, nene, nyekundu ileile, alipie kutoka fungu la viburudisho la msafara huu, ambalo ndilo fungu pekee la mradi huu nililowahi kuliona kwa macho.

Maana nimefika kipengele cha tisa, mama, kile cha swali lako, nacho ndicho cha shukrani. Nawashukuru wahandisi, ambao hawakuja. Namshukuru mpimaji, aliyepima kwa darubini kutoka ufukweni siku ya ukungu. Namshukuru mkandarasi, ambaye nimemtafuta nimpe mkono na nikaambiwa hajateuliwa. Lile tingatinga la kwenye kalenda tuliyowagawia ni la kuchora. Nilipokabidhiwa mkasi niliuliza barabara yenyewe iko wapi, nikajibiwa kwamba nikifika nitaiona. Nimefika. Nimeona kona, tope, mawe na watu. Barabara ya lami ya kuanzia ufukweni hadi hapa haipo, haijawahi kuanza, na imekamilika kwa asilimia mia moja.

Fundi akirudi, mwambieni utepe abaki nao. Na kile kiatu, kamati ikikiona, kiwekeni Kona ya Jiwe kiwe alama, dereva ajue tope linapoanzia.

Asanteni sana kwa kunisikiliza, ingawa najua mlikuwa mnasikiliza filimbi.

(Bibi: "Mwanangu, acha kipaza sauti, twende. Bati limeanza kupiga kelele.")

Nakuja, mama. Waya uko wapi?