Kinara wa Viti vya Plastiki

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Gereza linachosha hata mtu aliyeshinda amelala. Wakili amekuja, anasema rufaa ina mguu wa kusimamia. Kwenye hoja zake za mwisho, mwendesha mashtaka aliniita kinara wa genge, na hakuna shahidi aliyetaja genge. Neno hilo lilimpotosha hakimu, ndiyo maana nikapigwa miaka mitano kwa viti vya plastiki vya ukumbi wa harusi. Akauliza kwa nini siku ile nilimvuta koti alipotaka kusimama kupinga. Nikamwambia sikumbuki.
Nakumbuka sana. Nilitaka kuisikia hotuba yote. Tangu nizaliwe hakuna aliyenisifu kwa kirefu namna ile.

Jumatano, 6 Machi
Tatizo. Humu ndani naitwa Kinara. Kwa jina hilo mnyapara amenipa godoro la dirishani, na deki sipigi. Profesa, mghushi wa mihuri, analala karibu na choo na analimezea mate godoro langu. Leo amechungulia karatasi zangu, akawatangazia wote kwamba Kinara anaiomba mahakama iseme yeye si kinara. Wakacheka. Mnyapara akanitazama, akalitazama godoro. Jioni nikapewa ufagio.
Mpango: kushinda kimyakimya na kuondoka na jina langu.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu amekuja. Amefua shati langu la bluu, kesho atalileta mahakamani nirudi nalo nyumbani. Mtoto ameanza kumwita mjomba wake baba. Mjomba mwenyewe ni shemeji yangu, aliyesukuma mkokoteni wa viti usiku ule wa wizi na ambaye sijawahi kumtaja. Iliniuma. Mke akaniomba kitu kimoja tu, kesho nifunge mdomo. Nimeahidi.

Ijumaa, 8 Machi
Majaji watatu, feni moja, haizunguki. Rufaa ya Profesa nayo ilipangwa leo, kwa hiyo amekaa nyuma yangu. Wakili alianza vizuri, kisha akapitiliza. Eti mteja wake hawezi kuongoza hata foleni. Eti alikutwa nje ya ukumbi amesinzia juu ya kiti alichoiba. Majaji wakatabasamu. Mwendesha mashtaka akainuka, akakiri kwamba neno kinara lilimtoka kwa jazba, genge halikuwepo. Jaji wa katikati akasema hukumu hiyo ni ngumu kuitetea. Mke wangu akaanza kulikunjua shati.
Nyuma yangu, Profesa akacheka kwa pua.
Nikasimama. Nikawaeleza waheshimiwa kwamba genge lilikuwepo. Mimi wa kubeba, mwingine wa kusukuma, na aliyepanga yote ni mimi. Wakauliza nani alisukuma. Majaji watatu wakikuuliza, unajibu.
Mke wangu akalikunja shati.

Jumatatu, 18 Machi
Rufaa imetupwa. Wakili amejitoa. Jana mke wangu hakuja, nilingoja mpaka wageni wote wakaondoka.
Shemeji ameletwa. Mimi hanisemeshi, ila wengine anawasimulia: mpango wa viti ulikuwa wake tangu mwanzo, mimi nilichukuliwa kwa sababu mkokoteni ulikuwa wangu. Mnyapara amelitazama tena godoro.
Profesa anasema juu kuna mahakama nyingine. Nimeanza kuandika mwenyewe. Sababu ya kwanza: mwendesha mashtaka alikosea kuyafuta maneno yake. Kinara ni mimi.